Nusu ya Nyuma

Fundi wa kuhamahama ana raha moja: kazi yake ikiharibika, yeye hayupo. Mimi nimeila raha hiyo zaidi ya miaka arobaini. Namaliza kuchomelea geti, nafunga mfuko wangu, nauliza barabara inakwenda wapi, na chuma hakijapoa vizuri nimeshavuka kilima. Ndiyo maana wakaniita Kiguu, kwa maana ya kiguu na njia, na jina alilonipa mama yangu sasa nalijua peke yangu.

Kwa mjane mmoja nilifika Jumapili, saa nane mchana. Nilikuwa nimepita kwenye mashine ya kusaga nafaka kuomba maji, mwenye mashine akaniona na barakoa yangu ya kuchomelea inaning'inia begani, akasema, "Mzee, jirani yangu hapo anatafuta mtu wa kumkatia gari. Mafundi wa hapa wamemkimbia."

"Wamemkimbia kwa nini?"

"Kamuulize mwenyewe."

Nilimkuta uani amepiga goti moja, anagongomea makreti ya mbao. Misumari ilikuwa mdomoni. Pembeni, ukutani mwa mashine, lilisimama gari dogo la milango minne, rangi ya damu ya mzee. Lilikuwa limeinama nyuma upande wa kushoto, kama gari ambalo kuna mtu mnene amekaa pembeni.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza baada ya kutema misumari mkononi.

"Ndiyo, mama."

"Umewahi kugeuza gari la watu likawa la mizigo?"

"Nimewahi kugeuza basi likawa duka."

"Sikukuuliza habari za duka."

Nikampenda hapo hapo. Akaniletea kigoda, na karatasi kutoka ofisi ya usajili wa magari, iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Akanisomea huku akifuata mstari kwa kidole: viti vya nyuma vitoke, mikanda yake itoke, matundu ya bolti zake yazibwe kwa kuchomelewa yasije yakafunguka tena, madirisha ya nyuma yazibwe kwa bati, na kizuizi cha chuma kiwekwe kati ya dereva na mzigo. Mkaguzi angekuja Ijumaa. Jumamosi kiwanda cha nyanya kilikuwa kinapokea mzigo, na lango la kiwanda halifunguliwi kwa gari ambalo kadi yake inasema abiria.

"Na Jumamosi ikipita?"

"Ikipita shamba si langu."

Akanieleza bila kulia na bila kupamba. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane nyuma, ini lilimuishia. Shamba ni la ukoo wa mume. Ndugu walikaa kikao, wakampa msimu mmoja: akiweza kulima mwenyewe na kuufikisha mzigo kiwandani mwenyewe, shamba libaki mkononi mwake na wanawe. Akishindwa, linakwenda kwa mdogo wa marehemu. Msimu uliopita, mumewe akiwa kitandani, walikodi lori, lori likachelewa siku tatu, na nyanya zikageuka uji ndani ya makreti. Sasa hakutaka tena kusubiri lori la mtu.

Yule mdogo wa marehemu nilimwona jioni ile ile. Watu walimwita Lakini, kwa sababu hana sentensi isiyopita hapo. Aliegemea nguzo ya uzio, akanipima kuanzia kofia hadi kandambili.

"Shemeji," akamwambia mjane, "nyanya ndiyo zimeiva, lakini gari lenyewe limelala kama mlevi."

"Litaamka."

"Na mzee huyu, ni fundi kweli, lakini si ametoroka wajukuu nyumbani?"

"Wajukuu ndio walionitoroka," nikamjibu. Akacheka, akaenda zake. Si mtu mbaya. Ni mtu anayesubiri tu, na anayesubiri hukaa vibaya machoni pa anayesubiriwa.

Jumatatu nikaanza. Umeme tuliuvuta kutoka kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo saa zangu za kuchomelea zilikuwa zile ambazo mashine imenyamaza. Ikiunguruma, moto wangu unafifia na chuma hakishiki. Asubuhi nikafanya kazi za spana. Kwanza nikataka kuunyoosha ule mwinamo. Nikapiga jeki, nikatoa springi mbili za nyuma, nikaweka nyingine nzima ambazo mjane alishazinunua. Nikashusha jeki, nikarudi nyuma hatua kumi kuangalia. Gari limeinama vile vile, kushoto.

Nikaingia ndani kufungua kiti kirefu cha nyuma. Nikiwa nimepiga magoti, kichwa chini, nikasikia mlio mdogo nyuma ya sikio langu. Ule mlio wa mkanda wa kiti unapoingia kwenye kufuli lake. Nikainua kichwa. Mikanda yote mitatu ilikuwa imening'inia, wazi.

Chuma kikipigwa na jua husema maneno mengi, mimi najua. Nikaendelea.

Kioo cha ndani, kile cha dereva cha kutazamia nyuma, kilikuwa kimegeuzwa kinaangalia dari. Nilikinyoosha nipate kuona kama nguzo za milango zinalingana. Mjane alipoleta uji akakitupia jicho, akanyoosha mkono, akakirudisha darini.

"Mama, kioo kina kosa gani?"

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, mgongo kwangu.

"Mume wangu aliendesha hivyo. Miaka yote."

"Bila kutazama nyuma?"

"Alikuwa anasoma mita za maji, yule. Mtu wa namba. Hakunywa, hakuamini mambo ya waganga. Lakini alisema akiwa njiani, akikinyoosha kioo, anaona vichwa."

"Vichwa vya nani?"

"Vitatu. Nyuso hakuziona. Wanatazama nje, madirishani, kama watu waliochoka na safari." Alichukua bakuli langu kabla sijamaliza, labda mkono wake ulitaka kazi. "Akanikataza kuwakalisha watoto nyuma. Tulikuwa tunabanana mbele wanne, kama dagaa. Majirani wakasema tunatunza kiti kisichakae. Na wale mafundi wa hapa, mmoja alifanya kazi saa moja, mwingine hata saa haikufika."

Nikaokota spana, nikaigeuzageuza.

"Kwa hiyo nyanya ni sababu moja, mzee. Nyingine ni hiyo. Gari likikosa kiti, abiria atakaa wapi?"

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

Jumanne asubuhi nikachukua msasa kusugua nguzo za milango, maana bati halishiki juu ya rangi. Nguzo ya mbele ikatoa weupe chini ya ile damu ya mzee. Nikahamia ya nyuma. Ikatoa bluu. Nikasugua tena, pengine nimekosea, nikasugua mpaka vidole vikawaka. Mbele nyeupe, nyuma bluu.

Basi nikajua ni gari la kuungwa. Hilo peke yake halikunishtua, magari ya kuungwa ni mengi kama kuku. Nikaenda kwenye mikanda niing'oe. Mkanda wa kwanza, nilipouvuta wote nje, ulikuwa umekatwa katikati kwa kisu, halafu ukashonwa. Uzi mnene wa kushonea viatu, uliopakwa nta, mishono miwili miwili kama soli ya buti. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

Mikono yangu ilijua kabla yangu. Iliuachia mkanda wakati kichwa bado kinasema, ah, mafundi wa viatu wako wengi. Nikalivua zulia la sakafuni. Mshono wa chuma ulikuwa umelala chini ya viti vya mbele, kutoka mlango hadi mlango. Mimi ni mashoto. Nachomelea kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na watu, na mwisho wa mshono narudisha mkono nyuma kidogo, nabakiza kikia kama cha mjusi. Kikia kilikuwa pale. Nilikigusa.

Miaka kumi na miwili nyuma, katika mji mmoja mbali na pale, nilifanya kazi miezi miwili kwenye gereji ya mtu aliyenunua magari yaliyopata ajali. Lililopondeka nyuma alilikata nyuma, lililopondeka mbele alilikata mbele, na mimi nikayaunga. Tuliyaita mapacha. Siku moja likaja la bluu. Mbele halikuwa na sura, ungesema limetafunwa. Nyuma halikuwa na hata mkwaruzo. Mikanda mitatu ya nyuma ilikuwa bado imefungwa kwenye makufuli yake, imekatwa kwa kisu na watu waliowatoa waliokuwa ndani. Tajiri akaniambia, mikanda mipya ghali, peleka hiyo kwa fundi viatu.

Fundi viatu aliigeuzageuza. Akaniuliza, "Wenyewe wako wapi?"

Nikamwambia, "Sijui. Mimi ni fundi."

Akashona.

Na ule mwinamo pia ulikuwa wangu. Sakafu ya gereji ile ilikuwa na mteremko upande mmoja ili maji ya kuoshea magari yaende mtaroni. Nilizipandisha zile nusu mbili juu ya mawe, nikapima kutoka sakafuni, kama mjinga, na sakafu yenyewe imelala. Nikaunga siku mbili. Siku ya tatu, rangi ikiwa bado mbichi, nikaondoka.

Nilikaa ndani ya gari la mjane, zulia mapajani, nikapiga hesabu ya mtu mwoga. Mshono ule ulikuwa umeungwa kubeba watu, tena kwa haraka. Juu yake sasa tungepakia makreti thelathini na sita ya nyanya. Ungeweza kushika msimu mzima. Ungeweza pia kuachia kwenye mteremko wa kwanza, yule mama akiwa kwenye usukani. Nikizuga kwa bati na rangi, mkaguzi hataona. Nami Alhamisi niko mbali. Hakuna ambaye angejua.

Nikaamua kunyamaza. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Saa sita mashine ya kusaga ikanyamaza, nikaingia uvunguni kuziba matundu ya bolti kutoka chini. Nikaziba mawili. Nilikuwa nalisafisha la tatu, uso wangu uko shubiri moja kutoka kwenye sakafu ya gari, ndipo gari likashuka. Kidogo tu. Ule mshuko unaoujua, mtu anapofungua mlango akakaa. Springi ya kushoto ikalia. Kisha likashuka tena, katikati. Kisha mara ya tatu, kulia, taratibu, kama watu wanaosogezana ili wote waenee.

Nikatazama miguuni, pembeni mwa gari. Hakukuwa na miguu ya mtu. Kiti chenyewe nilikuwa nimeshakitoa tangu jana, kiko ukutani.

Springi mpya hutulia, hilo ni kweli. Lakini hazitulii kwa zamu.

Nilitoka uvunguni kwa mgongo, nikaacha mashine ya kuchomelea inawaka, nikaenda shambani.

Mjane alikuwa katikati ya mistari, anachuma zile zinazoanza kuwa nyekundu, ndoo kiunoni. Nilisimama mwanzo wa mstari nikamwambia yote. Mji sikuutaja. Niliyataja mengine: la bluu, mikanda, fundi viatu, sakafu, kikia cha mjusi. Aliendelea kuchuma nilipokuwa nasema, ila mikono ilizidi kuwa polepole.

"Walikufa?" akauliza.

"Sijui."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo gereji. Barabarani sikuwepo."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

Akaishusha ndoo chini. "Miaka kumi na mmoja," akasema, sauti haikupanda hata kidogo, "mume wangu amebeba abiria wako."

Nilikuwa nimetukanwa sana katika maisha, kwa lugha nyingi. Hakuna tusi lililowahi kunikalia vile.

"Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua."

"Sasa umeniambia. Umejisikia nafuu. Na nyanya zangu je?"

"Juu ya ule mshono hazipandi, mama. Nitakudanganya nikisema zinapanda. Njia ni moja, kuikata ile nusu ya nyuma yote, iondoke. Injini inavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo nyuma ni ya kubeba tu. Nikipata vyuma viwili virefu, vizito, vya kupita chini kuanzia mbele, na ekseli ya magurudumu yenye breki zake, nakutengenezea kitanda cha mbao juu yake. Utakuwa na pikapu."

"Vyuma hivyo vinapatikana wapi kabla ya Ijumaa?"

Nilikuwa nimeshaviona. Nyuma ya nyumba ya Lakini kulikuwa na tela kuukuu, lililotengenezwa kwa mkia wa pikapu, na trekta la kulivuta lilishakufa zamani. Nilipomwambia, mjane alitoa kicheko kifupi cha pua. Kumwomba chuma mtu ambaye shamba litakuwa lake ukikosa chuma.

Tulimkuta anafunga mpira kwenye pampu ya kunyunyizia dawa. Mjane hakuzunguka.

"Shemeji, nataka tela lako. Gari la kaka yako nusu ya nyuma si yake. Imetoka kwenye gari la ajali. Watu watatu. Huyu ndiye aliyeiunga."

Nilijiandaa kwa kejeli. Lakini aliiweka pampu chini, akaifuta mikono kwenye suruali.

"Watatu," akasema.

"Watatu."

"Unafikiri kwa nini sijawahi kuomba lifti kwa kaka?"

"Ulisema unapenda kutembea."

"Nani anapenda kutembea na gunia kichwani, shemeji?" Akatazama upande wa tela, si upande wetu. "Nilipanda siku moja. Nikakaa nyuma, katikati. Nilibanwa huku na huku mpaka daraja la kwanza, nikamwambia kaka nimesahau kitu nyumbani, nikashuka. Naye hakuniuliza nimesahau nini."

Mjane naye akaligeukia tela.

"Lichukueni," akasema. "Lakini Jumamosi ni Jumamosi. Kikao hakijui habari za vichwa."

Jumatano nilikata. Kwanza nilifunga vyuma vya kushikiza kati ya nguzo za mbele, maana gari la aina ile paa ndilo uti wa mgongo, ukilikata ovyo milango haifungi tena mpaka kiama. Mwenye mashine ya kusaga akatuachia umeme siku nzima, wateja wake wakakaa juu ya magunia yao wanatazama. Nilikata pale pale nilipounga, nikifuata mshono wangu kutoka kulia kwenda kushoto. Chuma kilipoachia mwisho wake, nusu ya mbele iliinuka yenyewe, kama vidole viwili hivi, kama mtu aliyetua mzigo. Uzito ukihama chuma huinuka, hata mtoto wa fundi anajua hilo. Mzee mmoja juu ya gunia akasema, "Afadhali," bila kuulizwa.

Nusu ya nyuma tuliiburuta hadi penye kivuli cha ukuta. Niliiweka juu ya mawe, na safari hii nilipima kwa mpira wenye maji, ule wa kuonyesha usawa, ikakaa sawa. Mjane akaniamuru nirudishe ndani kile kiti kirefu, na mikanda.

"Vyao vikae pamoja," akasema. "Kwenye gari langu kisiingie hata kijiti."

Tangi la mafuta tu ndilo alilolikubali, kwa sababu mumewe alilinunua jipya mwenyewe na risiti ilikuwepo.

Alhamisi nikaunga vyuma vya tela chini ya nusu ya mbele, nikapanga mbao, nikaweka kuta za pembeni na ubao wa nyuma wa kufungua na kufunga. Nyuma ya viti viwili vya mbele nikaziba kwa bati zima, juu hadi chini. Lakini alikuja akashika taa, akashika nyundo, akanikosoa kila nusu saa. Breki tulizitoa upepo mara tatu kwa sababu yeye hakuridhika.

Ijumaa mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye tochi, anayetembea kama ameibiwa kitu. Alizunguka gari mara mbili, akalala chini, akagonga vyuma vyangu kwa ufunguo. Akafungua kadi.

"Hii inasema gari la watu watano. Mbele naona nafasi za wawili. Watatu wako wapi?"

"Walishuka," mjane akajibu.

Mkaguzi akacheka mpaka tochi ikatikisika, akagonga muhuri. Mjane alipokea karatasi kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kwenye viwiko.

Jumamosi, jua likiwa limetoka kidogo, tulipakia makreti thelathini na sita. Nilichuchumaa nikatazama chuma, nikatazama matairi. Gari lilikaa sawa kama meza. Lakini akafungua mlango wa abiria, akapanda bila kukaribishwa.

"Wewe unakwenda wapi?" mjane akamuuliza.

"Kuwa shahidi wa kikao."

"Sema unataka lifti."

"Nataka lifti, lakini pia ni shahidi."

Mjane akashika usukani, kisha akanitazama kupitia dirishani. Mfuko wangu ulikuwa umefungwa, uko miguuni pangu. Aliuona.

"Nikirudi utaniambia ni mji gani," akasema. "Sasa usiseme. Sasa akili yangu iko kwenye breki."

Wakaondoka. Kiwandani ni mwendo wa saa moja na nusu, kwenda tu. Niliwasikiliza mpaka kilima cha kwanza kikawameza.

Sasa hapo ndipo mahali ambapo mimi huondoka. Barabara ilikuwa tupu, hewa ya kutembea, mfuko mwepesi. Kazi ilikuwa imekwisha, na kama imekwisha vibaya ningekuwa mbali kama siku zote. Nilinyanyua mfuko. Nikafika hadi penye uzio. Nikarudi, nikauweka.

Saa nne ikapita. Saa sita. Nilianza kuuona mteremko ambao sijawahi kuuona, na gari limekatika katikati, na nyanya barabarani. Nilikumbuka kila mshono niliouweka Alhamisi, upi niliuweka umeme ukiwa umelegea. Mwenye mashine akatoka kukung'uta vumbi, akashangaa.

"Kiguu, bado uko? Nilidhani ndio umeshapotea."

"Namsubiri mama."

"Ulishawahi kumsubiri mtu wewe?"

Jua lilikuwa kali, na kivuli cha pekee kilikuwa pale ukutani, penye ile nusu. Nikaingia. Nikakaa kwenye kile kiti, upande wa kushoto. Niliona madirisha mawili ya nyuma, kioo kizima, na mbele yangu wazi, uani, pale ambapo dereva hayupo. Chuma kikasema maneno yake. Mkanda mmoja ukalia, upande wa kulia, mlio ule ule mdogo. Sikugeuka kuutazama. Nilikuwa na swali moja tu, lile la fundi viatu, nikaliuliza kwa sauti, miaka kumi na miwili nimechelewa. Hakuna aliyenijibu. Ila sikuwa na hamu ya kutoka, na katika maisha yangu sijui kama niliwahi kukaa mahali nikakosa hamu ya kutoka.

Saa tisa kasoro nikasikia injini.

Pikapu ikaja polepole, makreti matupu yanagonganagonga. Nilizihesabu pande zake, nikatazama usawa wake, nikatazama chuma. Lakini akashuka wa kwanza, karatasi ya kiwanda mkononi.

"Wamechukua zote," akatangaza, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Lakini makreti mawili yamepondeka chini, zile nyanya zina ngozi laini. Msimu ujao shemeji abadilishe mbegu." Akapita nyumbani kwake, karatasi akiwa ameishika mbele kama taa. Aliposema msimu ujao, mjane alifumba macho kidogo, akayafumbua.

Hakuzima injini. Akaja hadi penye nusu ya bluu, vumbi la safari usoni, akanikuta mle ndani nimekaa upande mmoja, nafasi nyingine nimeiacha.

"Haya, mzee. Mji gani?"

Nikamtajia. Nikamtajia na gereji, na barabara ya fundi viatu, na mwezi. Akauliza kama kuna mteremko mkali njiani, nikasema upo mmoja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Kisha akaenda nyuma ya gari, akashusha makreti matupu, akaangusha ule ubao wa nyuma, akarudi na kukishika kile kiti kirefu upande wa kulia, mikanda ikiwa imelala juu yake.

"Toka hapo," akasema. "Shika huko kwako. Tunawarudisha kwao. Tukiweke kinatazama mbele."